Globu ya wati 60 inasoma omu 70

Mimi: Shikamooni. Mjomba samahani najua uko kazini ila hili swali linanitesa tangu asubuhi, nimechukua ile globu ya zamani ya waya imeandikwa 240V 60W nikaipima ukinzani na mita ikasoma omu 70, nikagawa 240 kwa 70 nikapata ampia 3.4, nikazidisha na 240 zikaja wati zaidi ya 800!! Nimekosea wapi

Kaka: Mita imekufa betri hiyo

Mimi: Betri mpya kaka na nimepima mara tatu

Mama: Umepima globu ikiwa kwenye umeme??

Mimi: Hapana mama, niliitoa nikaiweka mezani

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Kanuni zako ziko sawa, volti ukigawa kwa ampia unapata omu, volti mara ampia unapata wati. Mita nayo haina kosa. Hebu anzia kwenye wati, 60 gawa kwa 240

Mimi: 0.25

Mjomba: Hiyo ndo ampia inayopita globu ikiwa inawaka. Sasa 240 gawa kwa hiyo 0.25

Mimi: 960?? mbona mita inasema 70

Mjomba: Zote kweli. 70 ni ya globu baridi, 960 ni ya globu inayowaka. Ule uzi wa ndani ni tangsteni, ukiwaka unapita nyuzi joto 2000, na metali ikipata moto inazidi kuubana mkondo, ndo ukinzani unapanda mara kumi na kitu. Mita yako inapima kwa kaumeme kadogo ka betri, uzi hata joto haupati

Dada: Kumbe ndo maana globu hizo zinaungua pale pale unapobonyeza swichi!

Mjomba: Hapo umegusa penyewe. Ile 3.4 aliyoipata mdogo wako ipo kweli, ila ya kufumba na kufumbua tu wakati uzi bado baridi, na uzi uliochakaa unakatikia pale ulipokonda

Kaka: Na pasi je?

Mjomba: Pasi hapana, waya wake ni nikromu, ukipata moto ukinzani haubadiliki sana. Pasi inayovuta ampia 5 kwenye volti 240 ni omu 48, wati 1200, na ukiipima baridi utapata karibu hiyohiyo 48. Ila zungusha kile kitufe cha moto kwanza, ukikiacha kwenye sifuri mita haisomi kitu

Kaka: Umeme ukishuka mpaka 200 mbona pasi inakuwa hovyo kabisa na volti zilizopungua ni 40 tu

Mjomba: Piga hesabu, 200 gawa kwa 48 ni kama ampia 4.17, mara 200 ni wati 833. Volti imeshuka sehemu moja ya sita lakini wati zimeondoka karibu theluthi, maana volti ikishuka inashuka na ampia yake

Mimi: Asante sana mjomba. Sasa kwenye daftari niandike 70 au 960?

Mjomba: Andika zote, pembeni ya moja weka "baridi" na ya pili "ikiwaka"

Mimi: Sawa, ngoja nikapime na pasi

Mama: Chomoa kwanza ukutani ndo ushike hiyo mita

Mimi: Nimechomoa mama