Mgonjwa kila akirudi anasema "bado nawashwa". Mnaupimaje mwasho kwa namba ya kuaminika?

Zamu_ya_Asubuhi (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Niko kliniki ya ngozi ngazi ya wilaya. Wagonjwa wengi ni wa pumu ya ngozi ya muda mrefu, wachache wana soriasisi (mabaka yenye magamba), na wapo wanaowashwa bila kipele chochote kuonekana. Kwenye faili tunaandika "anawashwa ++" basi. Akirudi baada ya wiki 4 akakutana na mhudumu mwingine, hiyo ++ haina maana yoyote.

Nina dakika 10 kwa mgonjwa, rula, na mashine ya kutoa kopi. Wagonjwa wengine hawajui kusoma. Naomba ushauri: niulize nini hasa, kwa maneno gani, na nitajuaje kwamba dawa imefanya kazi? Watoto nao tunawapimaje?

Rula_na_Kalamu

Mkuu, anza na skeli ya 0 hadi 10. Swali liwe moja, na kila mhudumu alisome vilevile lilivyoandikwa:

"Katika saa 24 zilizopita, pale mwasho ulipokuzidi kabisa, ulifika ngapi? 0 ni hakuna mwasho, 10 ni mwasho mbaya kuliko wote unaoweza kuufikiria."

Usibadilishe vitu viwili humo: saa 24, na kile kilele. Mgonjwa anayefika 8 usiku na 3 mchana, ukimuuliza leo kilele atasema 8. Mwezi ujao mwenzako akimuuliza "kwa kawaida unawashwa kiasi gani?" atasema 4 au 5. Mtaandika dawa imefanya kazi, kumbe kilichobadilika ni swali.

Kusoma namba: chini ya 3 ni mwasho mdogo, kuanzia 3 hadi kabla ya 7 ni wa kati, 7 hadi kabla ya 9 mkali, 9 na kuendelea mkali mno. Kuhusu dawa, majaribio mengi huhesabu nafuu ya kweli pale namba inaposhuka kwa 4 au zaidi. Kutoka 8 kwenda 4, sawa. Kutoka 8 kwenda 7, usibadilishe mpango wa matibabu kwa hilo peke yake. Na aliyeanza na 3 hawezi kushuka 4, kwa hiyo yeye mpimie kwa mambo mengine.

Sasa, saa 24 ni kipindi kifupi mno kwa mtu unayemwona mara moja kwa mwezi. Usiku mmoja wa joto na jasho unaweza kuharibu picha nzima. Mpe kadi ya siku 7 za mwisho kabla ya kliniki, kila asubuhi aandike namba moja. Mfano: 8, 7, 9, 6, 8, 7, 4. Jumla 49, gawa kwa 7, wastani 7. Zikijazwa chini ya siku 4, usitafute wastani. Na uitazame kadi yenyewe: namba saba zinazofanana, wino mmoja, karatasi haina hata kunjo, hiyo imejazwa kwenye benchi la kusubiria.

Upupu

Kabla ya namba kuna neno, na hapa ndipo wengi tunateleza. Kwa Kiswahili pilipili inawasha, upupu unawasha, na spiriti kwenye mchubuko inawasha. Mgonjwa aliyeanza kupaka dawa ya takrolimasi akisema "inawasha kuliko zamani", huenda anasema inachoma, jambo linalotokea sana siku za mwanzo. Ukiandika 9 utamsimamishia dawa bure.

Daktari wa Kijerumani Samuel Hafenreffer mwaka 1660 aliueleza mwasho kuwa hisia inayoleta hamu ya kujikuna, na bado maelezo hayo ndiyo tunayoyatumia. Basi uliza: "Unatamani kujikuna, au panachoma kama pilipili?" Vikiwepo vyote viwili, vipe namba mbili tofauti. Wazee wa Pwani na Visiwani wanaweza kukwambia "mwili unaninyea". Huo ndio mwasho wenyewe, usiwasahihishe.

Mama_Kliniki

Kwa asiyesoma, tumia vidole. Ngumi mbili ni 0, vidole vyote 10 ni mwasho mbaya kuliko wote. Kwanza mwambie akuonyeshe "hakuna kabisa", kisha "mbaya kuliko wote". Akikosea hapo, eleza upya kabla ya kuuliza swali lenyewe. Usimwonyeshe kidole hata kimoja wewe, maana ataiga.

Uliza kabla hajaingia kwa daktari na kabla hujaishika ngozi yake. Mtu akishaona uso wa daktari ukifurahi kwamba mabaka yamepungua, namba inashuka kwa adabu tu.

Watoto: mdogo wa chini ya miaka 6 usimwombe namba. Mzazi pia asikupe namba ya mwasho wa mwanawe, kwa sababu hausikii mwilini mwake. Akupe anachokiona: usiku ngapi kati ya 7 mtoto ameamka akijikuna, kama kuna damu kwenye shuka, kama anajikuna hata akiwa anacheza. Kisha tazama kucha. Kucha zinazong'aa kama zimepigwa polishi ni za mtu anayesugua ngozi siku nzima.

Zamu_ya_Asubuhi

Ahsanteni sana, hilo la pilipili sikuwahi kulifikiria. Na ule mstari wa milimita 100 ambao mgonjwa anaweka alama, je? Na dodoso la 5-D?

Rula_na_Kalamu

Mstari ni mzuri, ila mashine yako ya kopi itakusaliti. Kopi ya kopi hupunguza au huongeza urefu. Mstari ukawa na milimita 94, alama iliyo kwenye 47 ni nusu lakini utaisoma 47. Pima kila toleo kwa rula kabla ya kuligawa. Kwenye simu ndiyo balaa, kila kioo na urefu wake. Kwa mazingira yako baki na 0 hadi 10.

5-D ni nzuri kwa mgonjwa mpya na kila baada ya miezi kadhaa. Inaangalia wiki 2 zilizopita: saa za mwasho kwa siku, ukali, mwelekeo (unapungua au unazidi), usumbufu, na mahali. Kila kipengele 1 hadi 5, jumla 5 hadi 25. Makosa mawili hujirudia. Usumbufu una maswali manne (usingizi, starehe, kazi za nyumbani, kazi au shule): unachukua alama ya juu kabisa, hujumlishi. Na sehemu za mwili, ambazo ni 16, hazihesabiwi moja kwa moja: 0–2 ni alama 1, 3–5 ni 2, 6–10 ni 3, 11–13 ni 4, 14–16 ni 5. Kwa hiyo mwenye alama 3 za muda, ukali 4, mwelekeo 2, usumbufu 4 na sehemu 7 za mwili anapata 3+4+2+4+3 = 16.

Shuka_Nyeupe

Naongeza usingizi, na uandikwe peke yake. Piriton inamlaza mgonjwa wa pumu ya ngozi bila kupunguza sana mwasho wenyewe. Usiku wa kuamka utashuka kutoka 6 hadi 2 huku kilele kikibaki 8. Ukiwa na namba moja tu hutaliona hilo.

Kwa yule asiye na kipele, mvue shati. Ngozi ikiwa na alama za kujikuna kila mahali isipokuwa katikati ya mgongo, pale mkono usipofika, basi vidonda hivyo ni vya kucha. Tafuta chanzo ndani: figo, ini, damu.

Na namba isiposhuka kwa wiki 4, usibishane na kipimo kwanza. Uliza kama nyumbani kuna wengine wanaojikuna usiku, kisha angalia kati ya vidole. Upele wa utitiri hujificha chini ya jina la pumu ya ngozi. Ukiutibu, mwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 hata utitiri ukiwa umekufa, kwa hiyo namba 4 katika wiki ya pili haimaanishi dawa imeshindwa.

Mama_Kliniki

Kwenye faili, badala ya ++, gonga muhuri wa mstari mmoja: "Kilele saa 24: __/10. Wastani siku 7: __. Kuamka: __/7. Kuchoma: __/10. Aliyeuliza: __." Hiyo ya mwisho msiiache wazi.