Bidhaa zinazokaribia kuisha muda: kushusha bei au kupeleka kituoni?

MamaDuka_Soweto
Wakubwa shikamooni. Nina duka la vyakula hapa Soweto, Mbeya. Kila wiki nabakiwa na mikate, mtindi na unga wa lishe tarehe ikiwa imekaribia. Nimejaribu kushusha bei jioni: mtindi wa 2,000 nauza 1,200. Unatoka, ila sasa kuna wateja wanaosubiri hiyo jioni ndiyo waje. Mume wangu anasema bora nipeleke kituo cha watoto. Wenzangu mnafanyaje?

MzeeWaUyole
Marahaba binti. Shusha bei, lakini asubuhi, tena zikiwa zimebaki siku mbili tatu. Mtaji unarudi, na mama mwenye elfu moja mkononi ananunua mkate kama mteja mwingine yeyote. Hilo mimi naliona kubwa kuliko msaada.

DadaJikoni
Mimi napika kwenye kituo, niseme ninachokiona. Mwaka jana tuliletewa katoni mbili za mtindi saa kumi na moja jioni, tarehe ni ya siku hiyohiyo. Friji letu dogo, limejaa mboga. Watoto walikunywa walichoweza, kesho yake nikamwaga uliobaki, paketi moja moja, huku moyo unauma. Mleta alikuwa na nia njema kabisa. Dada, mtindi na mkate punguza bei. Sisi tuletee unga, mchele, maharage, na upige simu kwanza.

Mwanjelwa_Kijana
Ufaransa tangu 2016 sheria inakataza supamaketi zenye zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu chakula ambacho bado kinafaa. Zinatakiwa kuingia mkataba na mashirika ya misaada. Lakini kule kuna benki za chakula zenye maghala na magari ya kupokea mzigo. Hapa ni wewe na bajaji yako, kwa hiyo nakubaliana na DadaJikoni. Na tarehe ikishapita, usiuze wala usigawe. TBS (Shirika la Viwango) wakikikuta rafuni ni kesi, na mtoto wa kituoni tumbo lake ni lilelile la mteja.

MamaDuka_Soweto
Asanteni sana. Mikate na mtindi naanza punguzo la asubuhi kesho. DadaJikoni, nina mifuko sita ya unga wa lishe, bado wiki tatu. Jumatano mnapokea saa ngapi?

DadaJikoni
Saa tatu asubuhi dada, nikishamaliza uji. Namba nakutumia pembeni.