Kope la mama linashuka kila ikifika jioni, ni uzee tu kweli?

BintiKihonda:
Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 61, kama miezi 3 sasa kope la jicho la kushoto linalegea. Asubuhi anaamka yuko freshi kabisa ila kuanzia saa 10 jioni linaanza kushuka mpaka anainua kidevu ndo aone tivii, na anasema taa anaiona mbili. Haliumi, halijavimba, sio chokea. Bamdogo anasema uzee, jirani kasema katupiwa kitu. Jana anakula wali katikati akaweka kijiko akashika taya na mkono, eti mdomo umechoka. Hapo nikaogopa. Kuna mtu ashaona hii?

Chumbageni77:
Pole sana dada. Mke wangu alianza hivyohivyo, tukaambiwa aleji, matone ya macho miezi 4 hayakusaidia kitu. Daktari mmoja wa macho akamwambia atazame juu asishushe macho, dakika haijaisha kope likawa linateremka tunaliona, akafunga barafu kwenye kitambaa akaiweka juu ya jicho lililofumbwa kama dakika 2, kuitoa kope limepanda! Wanaita miasthenia, kinga ya mwili yenyewe inazuia ujumbe wa neva usifike kwenye misuli, ndo maana akipumzika anapata nguvu akiitumia inaisha. Sasa hivi yuko kwenye vidonge vya pyridostigmine, anapika na sokoni anaenda.

NesiWaZamu:
Mimi muuguzi. Hilo la taya usilipuuze mdogo wangu. Akianza kupaliwa, sauti kutokea puani au pumzi kukata akilala, hospitali usiku huohuo. Na mseme mapema dalili hizi kabla hajaandikiwa antibiotiki, maana sipro (ciprofloxacin) na jenta (gentamicin) zinaweza kumzidishia.

Na wengine mnaosoma, kope likianguka ghafla na kichwa kinapasuka na mboni ya jicho hilo imekuwa kubwa kuliko mwenzake msingoje kuche, mshipa wa damu kichwani unaweza kuwa umevimba unabana neva. Mtoto akiamka kope zote mbili zimejaa maji mpimeni mkojo, inaweza kuwa figo. Nimepokea mtoto kanyweshwa dawa ya aleji wiki 3, mkojo una povu kama la sabuni, inaniuma mpaka leo.

Mama_Swaum:
Nesi mie nna mabaka madogo ya njano kwenye kope karibu na pua, hayawashi, nayo ni ugonjwa?

NesiWaZamu:
Mama Swaum hayo ni mafuta yamejikusanya chini ya ngozi. Pima kolestero, wengi wanakutwa iko sawa tu ila pima.

BintiKihonda:
Asanteni sana. Nimempiga picha asubuhi na saa 12 hii jioni nikaziweka pamoja, bamdogo kaziangalia kanyamaza. Nimemuuliza mama kuhusu kupaliwa, kumbe chai imempalia mara 2 wiki hii na maji tena leo mchana, hakusema eti asitusumbue. Bajaji iko nje, tunaenda nae sasa hivi.