Msaada wa haraka: ramani ya simu inasema Mtwara–Dar masaa 8 na nusu, niiamini?

Mkazi wa Shangani: Wakuu habari za jioni. Nikitoka hapa Mtwara saa tatu usiku, kwa hesabu ya ramani saa kumi na moja na nusu alfajiri niko Dar. Kweli au inanidanganya? Roho haijatulia.

Korosho Ghafi: Kilomita 560 na ushee hizo. Mimi Mei 2024 mvua ilipokata barabara kule Somanga tulilala ndani ya basi. Tukala wali uliokuwa unapelekwa msibani. Mwenye wali alilia, lakini naye alikula.

Mama Mikindani: Usiku unatafuta nini barabarani, mwanangu? Swali alfajiri, ndiyo utoke.

Dereva Mstaafu: Gari gani?

Mkazi wa Shangani: La kawaida tu mkuu.

Dereva Mstaafu: Kawaida ndiyo jina la gari?

Mkazi wa Shangani: Canter. Ina pweza na barafu, mnunuzi anapokea mwisho saa mbili asubuhi. Msinishambulie, mzigo nimeshapakia na advansi nimeshaila. Halafu ramani ni mtambo, inidanganye ili ipate nini?

Dereva Mstaafu: Imekupigia hesabu ya gari dogo. Wewe una mzigo, una mizani, una mwendo wa hamsini kila penye kijiji. Ongeza masaa matatu.

Mtoto wa Kitaya: Shemeji yangu yuko Marekani, kule mabango ya umeme juu ya barabara kuu yanaandika dakika zilizobaki kufika mjini. Nayo huchemsha. Mengi yanahesabu muda wa waliokwisha kupita, foleni ikianza kujaa bango bado linasoma raha ya wenzako. Sasa ramani yako inategemea simu za walioko njiani. Saa saba usiku kati ya Mbwemkuru na Nangurukuru, wewe na nani? Nguruwe pori hawana bando.

Korosho Ghafi: 😂😂

Jicho la Msimbati: Mnajibu hadithi. Pweza ni wa bamvua, maji yakikupwa sana mwamba ukabaki wazi. Leo mwezi nusu, maji mafu, hayakupwi sana, Canter nzima kaitoa mwamba gani?

Mkazi wa Shangani: Wa friza, tangu bamvua iliyopita.

Jicho la Msimbati: Wa friza, halafu roho haijatulia?

Mkazi wa Shangani: Kama huna ushauri pita kimya.

Dereva Mstaafu: Saa tatu na nusu hii, bado uko humu.

Mama Mikindani: Kilo unauzaje? Ijumaa nina shughuli.