Tumbo linawaka saa nane usiku, nikila linatulia. Msaada wakuu

Fundi Tofali:
Wakuu habari za saa hizi. Mi ni fundi ujenzi, miaka 34, huu mwezi wa pili kila ikifika saa nane usiku naamshwa na maumivu, hapa chini ya chembe ya moyo panawaka kama nimemeza kaa la moto, nikiamka nikala kipande cha mkate au maziwa glasi moja linatulia, baada ya muda linaanza upya tena pengine limezidi. Mama mwenye nyumba kasema pilipili, nimeacha pilipili, nimeacha na maharage, hamna kitu.

Mama Wawili:
Pole mwanangu. Kunywa maziwa asubuhi na jioni, mume wangu yalimsaidia.

Nesi Mstaafu:
Mama Wawili dada yangu, hayo maziwa ndo yanamzungusha. Yakiingia yanapoza asidi kwa muda, halafu protini na kalsiamu yake vinaliambia tumbo litoe asidi nyingine. Mdogo wangu, maumivu ya usiku tumbo likiwa tupu, ukila yanatulia, mara nyingi ni kidonda pale utumbo mdogo unapoanzia, ukishatoka tu kwenye mfuko wa chakula. Ukila, mlango wa chini wa tumbo unabana kwanza, asidi inabaki juu na chakula, kikishuka ndo inakifuata kidonda. Pilipili inachoma tu, haileti kidonda. Swali, kuna dawa ya maumivu unatumia?

Fundi Tofali:
Diklofenaki dada, mgongo, si unajua mifuko ya simenti. Ila sinywi vidonge, nachoma sindano maana niliambiwa vidonge ndo vinaumiza tumbo.

Nesi Mstaafu:
Hapo sasa!! Sindano inapita kwenye damu, na damu inafika tumboni vilevile. Ukuta wa tumbo unajipaka ute usichomwe na asidi yake wenyewe, diklo inazuia mwili kutengeneza kile kinachoamrisha huo ute utoke. Acha leo, mgongo kamweleze daktari akupe kingine.

Kijana wa Maabara:
Na kuna mdudu pia anayeleta vidonda mkuu, ni bakteria anaitwa H. pylori. Zamani madaktari walisema vidonda ni mawazo na asidi tu, mpaka Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 akamnywa huyo bakteria mwenyewe, tumbo likavimba ndani, 2005 yeye na mwenzie Robin Warren wakapewa Nobel (mi kwenye kopo la sampuli sionji hata kwa Nobel mbili). Kapime choo, sio damu, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha unaye hata kama ulishatibiwa akaisha. Choo chako rangi gani?

Fundi Tofali:
Kahawia ya kawaida mkuu.

Nesi Mstaafu:
Afadhali. Kikiwa cheusi kama lami na kinanata, au ukitapika damu, usisubiri kukuche, chukua boda nenda hospitali usiku huohuo.

Fundi Tofali:
Asanteni sana, Jumatatu naenda kupima. Ila juzi duka la dawa walinipa omeprazo, ile ya kupunguza asidi, nimemeza mbili, ina shida?

Kijana wa Maabara:
Inayo. Inamficha mdudu, kipimo kinaweza kusema huna kumbe unaye. Kwa kawaida inatakiwa uwe umeiacha wiki mbili, kwa hiyo Jumatatu nenda kamuone daktari kwanza, umwambie na hizo mbili, yeye ndo akupangie siku ya kupima.

Mama Wawili:
Kumbe ndo maana mume wangu kila mwezi anarudi kwenye maziwa. Naenda kumuamsha.