Je, bomu la nyuklia huilinda nchi? Tujadili

Mwanzilishi wa mada
Wandugu, Jumapili pale bustani ya Jeevanjee tulibishana mpaka jua likatua. Mzee mmoja alishikilia kwamba Ukraine ingebaki na mabomu yake, Urusi isingethubutu kuvuka mpaka. Nilienda nyumbani na hoja hiyo kichwani, maana si hoja ya kupuuza. Mwaka 1994 kule Budapest, Ukraine ilikubali kuachilia takriban vichwa 1,900 vya nyuklia vya masafa marefu ilivyorithi kutoka Muungano wa Kisovieti, nazo Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuiheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Crimea ikatwaliwa. Mwaka 2022 vifaru vikaingia. Gaddafi wa Libya naye alitangaza kuacha mpango wake wa nyuklia mwaka 2003, na 2011 akauawa akiwa ametimuliwa madarakani.

Hata hivyo napinga. Nilikuwa mtoto wa shule tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa Nairobi. Watu 213 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita barabarani. Marekani wakati huo ilikuwa na maelfu ya vichwa vya nyuklia. Havikumtisha aliyeendesha lile lori.

Wa Kayole
Ndugu, pole kwa kumbukumbu hiyo, lakini unachanganya mambo. Ule ulikuwa ugaidi. Silaha hizi hazikuundwa kumtisha mtu asiye na mji wala jeshi. Zimeundwa kuitisha serikali. Tangu 1945 Marekani na Urusi hazijatangaziana vita, na wewe unajua jinsi zilivyochukiana.

Mwanzilishi wa mada
Nakubali, hoja yangu ya 1998 inafika hapo tu. Basi tuzungumze serikali kwa serikali. Mwaka 1982 Argentina iliivamia Falklands, visiwa vya Uingereza, ikijua fika kwamba Uingereza ina bomu. Mwaka 1999 India na Pakistan, zote zikiwa zimejaribu mabomu yao mwaka mmoja tu uliotangulia, zilipigana kule Kargil milimani na vijana wakafa kwa mamia. Kwa hiyo bomu halizuii vita. Huenda linavizuia visipanuke, hilo nakubali, ila tazama gharama yake.

Septemba 1983 afisa wa Kisovieti, Stanislav Petrov, alikuwa zamu ya usiku mitambo ilipomwambia kwamba makombora matano yanakuja kutoka Marekani. Setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Aliamua kuwa ni hitilafu, akawaambia wakubwa wake hivyo. Angekuwa mtu mwenye hofu zaidi, au mtiifu zaidi kwa mashine, sijui mimi na wewe tungekuwa wapi. Hapo ndipo roho yangu inapogoma. Usalama unaotegemea mtu mmoja kutulia usiku wa manane siuoni kuwa usalama.

Mama wa Umoja
Mimi nasimama na mwenye mada, ila mwanangu, usimwache Mukraine hivi hivi. Yeye angekujibu kwamba Petrov hakumjengea nyumba iliyobomolewa.

Mwanzilishi wa mada
Mama, umenigusa, na sina jibu la kumfuta machozi. Ninachoweza kusema ni kwamba amri ya kuyarusha makombora yaliyokuwa Ukraine ilikuwa Moscow, si Kyiv. Walikuwa na silaha bila ufunguo. Kilichowaangusha ni ahadi za Budapest, ambazo hazikuwa na mtu wa kuzisimamia. Afrika Kusini iliunda mabomu sita, ikayavunja yote, na mwaka 1993 rais wake, De Klerk, akautangazia ulimwengu. Mkataba wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha hizi Afrika nzima, ulianza kutumika 2009. Hakuna jirani aliyeivamia Afrika Kusini kwa sababu imeyavunja.

Mzee wa Jeevanjee, kama unasoma, Jumapili nitakuwa kwenye benchi lile lile. Anza na Petrov.