Faili za zamani za Mathcad: nilipie Prime, nitunze programu ya zamani, au niandike upya kwa Python?

Boriti
Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijatia saini ombi la leseni, maana natakiwa kutoa uamuzi kabla mwezi huu haujaisha. Nimerithi folda ya hesabu za boriti na nguzo kutoka kwa mhandisi aliyestaafu. Zote ziliandikwa kwa Mathcad, programu ya kuandika na kukokotoa hesabu za uhandisi ukurasani, na kompyuta yangu mpya haizifungui. Naona njia tatu: kulipia Mathcad Prime, ambayo ndiyo Mathcad mpya, na kuzigeuza faili zote, kuitunza programu ya zamani ndani ya kompyuta pepe (kompyuta inayoigwa ndani ya nyingine), au kuziandika upya kwa lugha ya programu ya Python. Ipi ina nafuu?

Fundi Msimbo
Ndugu Boriti, umeuliza nauli bila kutaja mzigo. Faili ni ngapi? Majina yake yanaishia na .mcd, .xmcd au .xmcdz? Je, unataka kuzisoma tu, au kubadilisha namba na kukokotoa upya? Ukishajibu hayo tutakushauri vizuri. Kwa upande wangu, chochote kitakachotumika zaidi ya mara moja ningekiandika kwa Python, kwa sababu msimbo ni maandishi ya kawaida ambayo kihariri chochote kitayafungua hata miaka ishirini ijayo.

Boriti
Samahani kwa kuacha hayo. Ni faili mia moja na arobaini hivi. Nyingi zinaishia na .mcd na chache na .xmcd. Zipatazo thelathini hutumika kila mradi mpya unapokuja, na zilizobaki ni kumbukumbu tu.

Nyaraka
Sasa tunaweza kuzungumza. Hadi toleo la 11 faili zilikuwa .mcd. Kuanzia toleo la 12 ikaja .xmcd, ambayo ndani yake ni XML, yaani maandishi yenye alama, kwa hiyo hata bila Mathcad unaweza kuifungua kwa kihariri cha maandishi na kuona majina ya vigeu na namba zake, ijapokuwa ni kazi ya kuchosha macho. Prime, iliyotoka mwaka 2011, si mwendelezo wa Mathcad 15. Iliandikwa upya kuanzia chini, faili zake ni .mcdx, na za zamani huingia kwa kupitia kigeuzi. PTC, kampuni yenye Mathcad, ilisitisha huduma kwa Mathcad 15 mwishoni mwa 2021, ndiyo maana wengi wanalikabili swali hili hivi sasa.

Ushauri wangu ni kuzitenga zile thelathini na kuzigeuza moja baada ya nyingine, huku mtu akizikagua. Zile za kumbukumbu zichapishwe kuwa PDF kutoka kwenye programu ya zamani, na faili asilia zitunzwe kando yake.

Mwalimu wa Aljebra
Naunga mkono PDF, ila naomba tusiitwishe Mathcad peke yake lawama. Programu nyingine za hesabu nazo zimebadilika. Katika Maple, alama " ilikuwa na maana ya jibu lililotangulia hadi Maple V Toleo la 4. Toleo la 5 likaipa kazi hiyo alama %, na " ikawa ya kufungia maneno. Kisha Maple 6 ikaondoa nukta iliyotumika kuunganisha majina na kuweka || mahali pake. Mathematica 6 ya mwaka 2007 ilibadilisha namna michoro inavyotolewa, na daftari nyingi za kabla ya hapo zikahitaji marekebisho. Daftari za MuPAD ziliondolewa kabisa katika MATLAB, ingawa watumiaji waliachiwa amri ya kuzigeuza. Mimi nimehamia Maxima, ambayo ni huria, na faili zangu ni maandishi matupu.

Fundi Msimbo
Mwalimu, mifano yako inathibitisha hoja yangu kwamba tuandike maandishi.

Mwalimu wa Aljebra
Inathibitisha nusu yake. Faili ya Maple ya zamani inafunguka bila shida yoyote, ila mstari wenye " ndani yake hausemi tena kile ulichosema. Maandishi hayakinusuru kitu ikiwa lugha yenyewe imehama. Python nayo ilihama: katika Python 2, 1/2 ilitoa 0, na katika Python 3 inatoa 0.5.

Hesabu Safi
Hapo Mwalimu amegusa kidonda changu, na naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu Ndugu Boriti anakaribia kupita njia ileile.

Niliwahi kupewa karatasi zilizochapishwa za hesabu ya nguvu za zege, bila faili, nikaambiwa niziandike upya katika toleo jipya. Niliziandika kwa uangalifu, mstari kwa mstari. Kulikuwa na vipimo vinne vya mchemraba: 30, 32, 31 na 35, vyote kwa MPa. Viliandikwa kama f yenye i ndogo chini yake, na i ilikwenda kutoka 1 hadi 4. Mwishoni palikuwa na mean(f), yaani wastani wake. Karatasi ya zamani ilisema 32, na yangu ikasema 25.6.

Sikuiona tofauti hiyo siku ile, kwa sababu ukurasa wenye jibu la zamani ulikuwa umechomolewa na kuwekwa katika jalada jingine. Tulilikataa zege ambalo halikuwa na kosa, na watu wakafanya kazi ya ziada ambayo haikuhitajika. Nilipoupata ukurasa ule baada ya wiki mbili, nilikaa jioni nzima nikitafuta nilipokosea kunakili, na sikuona kosa hata moja.

Tatizo lilikuwa ORIGIN, mpangilio unaosema namba ya nafasi ya kwanza. Mathcad huanza kuhesabu nafasi za vekta kutoka 0 usipoiambia vinginevyo. Mwenye karatasi alikuwa ameiweka 1 katika dirisha la mipangilio, mahali pasipochapishwa kwenye karatasi. Mimi sikuigusa, kwa hiyo programu ilijaza nafasi ya 0 kwa sifuri yenyewe, vekta ikawa na namba tano, na jumla ya 128 ikagawanywa kwa tano badala ya nne. Hakuna onyo lolote lililotokea, na kwa kweli halikustahili kutokea, kwa kuwa hesabu ilikuwa sahihi kwa kile nilichoiambia.

Nyaraka
Pole sana, Ndugu Hesabu Safi. Niongeze jambo linalofanana na hilo. Katika Mathcad ya zamani kuna herufi ndogo za chini za aina mbili. Ukiandika A kisha nukta kisha s, unapata jina moja tu, kama eneo la nondo. Ukiandika A kisha mabano [ kisha 1, unapata kipengele cha vekta. Kwenye karatasi zinafanana mno, kwa hiyo anayenakili kutoka PDF hawezi kuzitofautisha kwa macho. Ndiyo maana nasisitiza kwamba faili asilia isitupwe hata kama PDF ipo.

Fundi Msimbo
Hayo yote ndiyo sababu ya kuandika msimbo ambao kila kitu kinaonekana.

Hesabu Safi
Lakini Python nayo inaanza na 0, ndugu yangu, na haibebi vipimo kama kN au m bila maktaba ya ziada kama Pint. Mathcad hukataa ukijumlisha kN na m. Mkaguzi wa hesabu zangu anataka kuona sehemu, mzizi na kipimo kama vilivyo kitabuni, na sijui nitamwambia nini nikimpelekea kurasa za msimbo.

Fundi Msimbo
Mkaguzi anaweza kujifunza kusoma msimbo. Mimi wangu alijifunza.

Nyaraka
Turudi kwa mwenye swali. Ndugu Boriti, je, kuna sehemu zilizofungwa kwa nywila ndani ya faili hizo? Na ile programu ya zamani unayo kweli, au unaitarajia tu? Kama ni ya enzi za Windows 3.1, Windows ya biti 64 haitaiendesha kabisa, na kompyuta pepe yako itahitaji Windows ya biti 32.

Boriti
Nilipaswa kulisema hili mwanzoni: kompyuta ya mzee bado inawaka, na ina Mathcad 14 yenye leseni. Nywila sikuwa nimeifikiria. Nimekuta faili nne zenye sehemu zilizofungwa, na nitampigia simu mzee kesho asubuhi.

Mwalimu wa Aljebra
Basi usiizime mashine hiyo kabla hujahifadhi kila .mcd kuwa .xmcd na kuchapisha majibu yake. Andika pia thamani ya TOL ya kila faili, yaani kiwango cha kosa ambacho programu inakikubali katika majibu. Ya kawaida ni 0.001, na anayetafuta mizizi ya mlinganyo wenye namba ndogo sana huwa ameipunguza bila kumwambia mtu.

Boriti
Ahsanteni. Nimefungua faili tano za kwanza jioni hii nikaangalia dirisha la mipangilio. Tatu zina ORIGIN 1, mbili zina 0, na zote tano zina mean ndani yake. Ombi la leseni bado liko mezani na sijalitia saini. Je, kuna yeyote aliyewahi kupitisha faili yenye ORIGIN 1 katika kigeuzi cha Prime akalinganisha majibu?